Moyo Ukishtuka, Damu Husema

Alikuja kliniki asubuhi na mapema, khanga imemkaa vizuri mabegani, akaketi na kufungua mkoba wake. Miezi mitatu nyuma mama huyu alilazwa wodini kwetu kwa mshtuko wa moyo. Siku hiyo presha yake ilikuwa juu mno. Nilipomwuliza habari ya dawa, alitoa kopo la vidonge vya rangi ya dhahabu.

"Sista, zile za hospitali nimeziacha. Nimeuziwa hizi za vitamini. Wanasema zinaondoa kutu ya moyo."

Akina mama wenzangu, sikumcheka. Habari ya kutu hiyo si uongo mtupu. Ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayowapoteza wengi.

Kutu hiyo ni nini?

Kila mpishi anajua kuwa mafuta yaliyoachwa wazi muda mrefu hubadilika harufu na ladha. Oksijeni ya hewani imeyaharibu. Mwilini nako hutokea jambo kama hilo. Seli zinapotumia oksijeni kupata nguvu, hutoa mabaki makali yaitwayo chembe huria. Mwili una walinzi wa kuyazima. Wengine huwatengeneza wenyewe, na wengine, kama vitamini C na E, hutoka katika chakula. Shida huanza mabaki hayo yanapowazidi walinzi nguvu. Moshi wa sigara, kisukari na presha ya juu huyaongeza.

Mafuta ya damu yakijipenyeza katika ukuta wa mshipa wa moyo na kuharibiwa hivyo, chembe nyeupe za damu huyameza, huvimba na kubaki palepale. Miaka hupita, utando ukinenepa. Siku moja utando hupasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba. Msuli wa moyo unakosa oksijeni na kuanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Hata mshipa unapozibuliwa, oksijeni hurudi kwa ghafla na chembe huria huzuka kwa wingi. Ndiyo maana watafiti waliopima damu za wagonjwa hawa mara nyingi wamekuta dalili za mafuta yaliyoharibika, mojawapo ikiitwa malondialdehaidi, ziko juu kuliko kwa watu wenye afya. Kipimo cha namna hiyohiyo hutumiwa na wataalamu wa vyakula kujua kama mafuta yameharibika!

Damu inasema nini hospitalini?

Hata hivyo, malondialdehaidi haitoshi kumwambia daktari kwamba moyo umeumia. Hupanda pia kwa wavuta sigara na wenye kisukari. Kipimo cha kutegemewa ni troponini, protini iliyo ndani ya msuli wa moyo. Msuli ukiumia, huvuja na kuingia katika damu. Huanza kupanda baada ya saa chache, na yaweza kubaki juu kwa wiki moja au zaidi.

Kwa hiyo aliyewahi hospitali anaweza kupimwa na kukutwa hana kitu, kisha akarudiwa baada ya muda na kukutwa imepanda. Ukichomwa sindano ya pili usikasirike, wala usiondoke. Pia hupimwa umeme wa moyo mara tu ufikapo. Ukionyesha kwamba mshipa umeziba, matibabu hayasubiri jibu la maabara.

Je, vidonge vya vitamini?

Jambo hili limechunguzwa. Huko Italia, wagonjwa 11,324 waliopona mshtuko wa moyo waligawanywa, wengine wakapewa vitamini E kila siku kwa muda wa zaidi ya miaka mitatu. Matokeo yalitolewa mwaka 1999: vitamini hiyo haikuwapa faida ya kuonekana. Mwaka 2000 utafiti mwingine wa watu zaidi ya 9,000 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo ulitoa jibu hilohilo. Na huko Finland, mwaka 1994, wanaume wavuta sigara waliopewa vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Hivyo si kweli kwamba vidonge vya vitamini, hata kama havifai, havidhuru.

Ufanye nini basi?

• Usiache dawa za presha, kisukari au lehemu bila kumwuliza daktari.
• Walinzi wa mwili watafute sokoni: mchicha, matembele, machungwa, mapera, karanga, maharage.
• Sigara isivutwe nyumbani mwako, na jiko la mkaa lipate hewa.
• Usingoje maumivu makali ya kifua. Sisi wanawake huweza kuishiwa pumzi, kuchoka kusiko kwa kawaida, kutoka jasho la baridi, kichefuchefu, au kuumwa taya, mgongo na mkono. Tusiseme ni vidonda vya tumbo tukaenda kulala. Twende hospitali saa hiyohiyo.

Yule mama alirudia dawa zake. Mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka. Nikamwuliza kopo liko wapi. Akacheka: "Naliwekea vifungo na sindano, Sista. Angalau hiyo kazi linaiweza."