UZI: Mtalaka akitishia kuanika siri zako, sheria ya Kenya inasemaje?

Msimu wa siasa ukikaribia, kuna mjadala mmoja haukosi. Mwaniaji anasimama jukwaani leo, kesho aliyekuwa mumewe au mkewe anaandika mtandaoni: "Mkimchagua huyu, nitatoa yote ninayoyajua." Basi watu wanagawanyika. Hawa wanasema toa tuone, kiongozi hana siri. Wale wanasema hayo ni mambo ya chumbani. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie sheria tu, maana sheria hiyo hiyo ndiyo itamkinga dada yako ambaye hagombei hata kiti cha chama cha akina mama.

Katiba kwanza. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja habari za familia na mambo ya binafsi: zisifichuliwe pasipo sababu ya haja. Ni kila mtu, hata aliye jukwaani.

Na talaka haifuti haki hiyo. Wengi hudhani ndoa ikivunjwa, yale mliyoambiana usiku yanageuka mali ya kila mmoja afanye atakavyo. Sivyo. Mwaka wa 1964 huko Uingereza, Duchess wa Argyll alienda kortini kumzuia aliyekuwa mumewe asitoe siri za ndoa yao gazetini. Mahakama ikamzuia Duke, ikisema siri za ndoa hubaki siri hata baada ya talaka. Na kumbuka, talaka ile ilitolewa kwa sababu mama mwenyewe alizini! Bado hakupoteza haki yake. Uamuzi huo hauzifungi korti zetu, lakini wakili wako anaweza kuuleta mbele ya jaji.

Hapa nyumbani tuna wetu. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilisikiza kesi ya mshindi wa shindano la urembo aliyevuliwa taji baada ya picha zake za utupu kuwafikia waandalizi. Korti ilisema faragha yake ilivunjwa na ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni moja. Ile hoja ya "si alijipiga mwenyewe?" haikumwondolea haki.

Sasa swali ambalo watu huniuliza zaidi: je, ningoje mpaka atoe? Usingoje. Hebu tuseme umepokea ujumbe huu: "Usipoondoa kesi ya watoto, picha zako zitafika kanisani kwenu." Hapo hakuna picha iliyotoka, lakini kuna mambo kadhaa ya kisheria tayari.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 27, inahusu unyanyasaji wa mtandaoni: mawasiliano yanayokutia hofu au kukudhuru. Adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au miaka 10 jela, au vyote viwili. Mtu akishashtakiwa, unaweza kuomba korti imwamuru aache, hata nje ya saa za kazi, na ombi linafaa kuamuliwa ndani ya siku 14. Kifungu cha 37 ndicho cha kusambaza picha za faragha zenyewe, na adhabu yake ni ndogo ajabu: faini isiyozidi Ksh 200,000 au miaka miwili, au vyote. Mimi naona hapo bunge lilipima vibaya.

Akidai pesa ili anyamaze, tumetoka kwenye mambo ya mapenzi. Kudai mali kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ya Adhabu.

Lakini njia ambayo watu husahau ni Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015. Jina linawapotosha, wanafikiri ni ya ngumi na mateke na lazima muwe mnaishi pamoja. Inawahusu hata waliowahi kuoana. Na dhuluma ndani yake ni pamoja na vitisho, usumbufu na mateso ya kisaikolojia. Unaomba amri ya ulinzi kortini, na hali ikiwa ya haraka korti inaweza kutoa amri ya muda kabla ya upande wa pili kusikizwa. Huhitaji kungoja polisi wamalize uchunguzi wao.

Siri ikiwa ni hali yako ya HIV, kuna sheria yake ya 2006. Kutoa matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake ya maandishi ni kosa, na kuna mahakama maalum ya kusikiza malalamiko hayo.

Sasa tufike pagumu. Wanasiasa nao wanaijua sheria hii, na wengine wangependa kuitumia kama kizibo. Mama akisema hadharani kwamba alipigwa, anasimulia maisha yake mwenyewe. Akisema baba wa watoto halipi matunzo, hilo si siri ya ndoa, ni haki ya mtoto. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, ingawa kinamtaka msemaji aheshimu haki na sifa za wengine. Na tangu 2017, Mahakama Kuu ilipofuta kosa la jinai la kuchafua jina, hatakiwi mtu kufungwa kwa hilo. Atakayedai ameharibiwa jina aende korti ya madai, na huko ukweli ni utetezi.

Kipimo changu ni bei. Anayejua kwamba mwaniaji aliiba pesa za umma anapeleka ushahidi EACC. Anayesema "nitanyamaza ukinipa shamba" hatetei wapiga kura, anafanya biashara. Mashabiki wa pande zote mbili hulipita jambo hili, nami nashangaa.

Ukitishiwa, usifute chochote, hata kikikuudhi. Hifadhi mazungumzo yote, si kipande kimoja, yaonekane na nambari na tarehe. Kaa na simu yenyewe, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na wakili atataka kujua ulitoka kwenye kifaa gani. Usijibu kwa tishio lako, maana nalo litasomwa kortini. Ripoti kituoni na usitoke bila nambari ya OB. Afisa akikuambia "hayo mkayamalize nyumbani", muulize jina, kisha uombe kuonana na OCS.

Kama huna pesa za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa kwa ajili hiyo, na FIDA wanasaidia wanawake. Simu ya 1195 ni ya bure, mchana na usiku.