Vumbi la Karakana na Upepo wa Ziwa

Ingia karakana ya mabati jijini Kisumu saa sita mchana, fundi akipasua mvule. Tundu la msumari kwenye paa hupitisha mwali mmoja wa jua, na ndani yake utaona unga mwembamba ukielea hata baada ya msumeno kuzimwa. Maranda ya sakafuni si tatizo kubwa, wafugaji wa kuku watakuja kuyazoa. Wa kuogopwa ni huo unga unaoelea. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Mashine ya kufyonza vumbi ni feni, bomba na mfuko. Mfuko wa kitambaa hunasa maranda, lakini chembe ndogo kabisa hupenya. Mashine ikiwa ndani, basi huokota vumbi zito na kumrudishia fundi lile jembamba linalofika ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo nakubaliana na wanaoitoa nje.

Ulaya na Marekani jambo hili huzua ubishi, kwa sababu hewa inayotolewa huondoka na joto lililolipiwa. Mashine ndogo ikivuta mita za ujazo 20 kwa dakika, karakana ya mita 6 kwa 5 yenye kimo cha mita 3 huisha hewa yake yote kwa dakika nne na nusu. Kisumu hatupashi nyumba joto. Chini ya mabati yale, hewa mpya ni nafuu tupu.

Ila hewa hiyo lazima ipate pa kuingilia. Ukifunga milango, feni hukosa pumzi, na moshi wa jenereta iliyo kibarazani huvutwa ndani na kumfikia fundi. Acha uwazi mpana kuliko bomba, mbali na jenereta.

Sasa upande gani? Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku hugeuka. Wavuvi wa matanga huutegemea mzunguko huu: alfajiri hutoka na upepo wa nchi kavu, mchana hurudi na wa ziwani. Kwa kuwa Kisumu iko kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, upepo wa saa za kazi huvuma zaidi kutoka magharibi. Uwazi wa kuingiza hewa uwe magharibi, mashine mashariki, chini ya kijipaa, maana mfuko uliolowa mvua haupitishi hewa vizuri.

Lakini nyuma ya ukuta wa mashariki kuna dirisha la mtu, kamba ya nguo, pengine mama na karai lake la samaki. Kumpelekea yeye vumbi ni dhuluma. Kabla ya feni iwekwe koni ya bati inayozungusha hewa ili vumbi zito lianguke pipani, na mwishoni kichujio chenye nyuzi zilizosongamana kuliko za kitambaa cha kawaida. Kelele nazo zinamfikia jirani huyo huyo.

Kabla ya kutoboa ukuta, funga kipande cha uzi wa nyavu kwenye kijiti juu ya paa. Kitazame wiki nzima, asubuhi, adhuhuri na jioni, uone upepo unaelekea kwa nani.