Kisa cha kukimbia vita ni mali ya nani?

NAKIVALE, Uganda. Kijana anayeandika hadithi ya kukimbia vita katika makazi haya ya wilaya ya Isingiro hukwama mapema. Jirani alivuka mpaka usiku, na wa pili yake vilevile. Ataandika nini kipya? Hofu hiyo si ya fasihi tu: katika mahojiano ya kuomba hifadhi, maelezo yanayofanana mno na ya mwingine huweza kutiliwa shaka.

Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, naye mkimbizi, aliyepewa Nobel mwaka 2021, hakuogopa kisa kikongwe. Riwaya yake ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi, inafuata nyayo za Yusuf, anayejulikana na Msomali kwa Kurani na Mkongomani kwa Biblia. Ila Yusuf huyu amewekwa rehani kwa tajiri kwa deni la babake.

Wizi ni kunyakua sentensi za mtu. Mto ni wa wote waliouvuka. Nani alibebwa mgongoni, sufuria ipi iliachwa mekoni, hayo ni ya mwandishi. Daftari linalopelekwa Mbarara kupigwa chapa lisifutwe mto. Liongezewe sufuria.