Mimea ya kidimbwi cha nyumbani: ipi ipandwe, ipi ing'olewe

Mfugaji anapoamka na kukuta samaki wake wakielea wamekufa, wazo la kwanza huwa ni sumu au uhasama wa jirani. Kabla ya kumlaumu mtu, yafaa kidimbwi chenyewe kichunguzwe. Samaki wanaokufa kwa wingi usiku mmoja, hasa kabla ya mapambazuko, huenda wamekosa hewa. Mimea iliyozidi majini ni mojawapo ya sababu kuu.

Vidimbwi vya nyumbani viliongezeka nchini kuanzia mwaka 2009, serikali ilipogharamia uchimbaji wa vidimbwi vya mita mraba 300 chini ya mpango wa kuchochea uchumi. Vingine vimechimbwa na wakazi wenyewe kwa ajili ya samaki, bata, kunyunyizia mboga au kupamba boma. Vyote vinahitaji mimea inayofaa, kwa kiasi kinachofaa.

Kinachotokea usiku

Mchana, mimea iliyo ndani ya maji hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Jua likizama kazi hiyo husimama, lakini mimea, samaki na vijidudu vya matopeni huendelea kutumia oksijeni iliyobaki hadi asubuhi. Ndiyo maana oksijeni huwa chini zaidi alfajiri.

Mimea inayoelea ina hatari nyingine. Majani yake hutoa oksijeni hewani, si majini, na huzuia mwanga kufika chini. Kidimbwi kilichofunikwa chote huonekana kijani na kizuri, huku samaki walio chini wakikosa pumzi.

Dalili ya mapema ni samaki kupanda juu asubuhi na kuachama midomo. Mfugaji anayeona hivyo aongeze maji safi mara moja, na asiweke chakula wala mbolea hadi samaki warejee katika hali ya kawaida.

Lengo la kidimbwi liamue mimea

Kidimbwi cha kufugia ngege hakihitaji mimea mikubwa majini. Chakula cha asili cha samaki hao ni pamoja na mwani mdogo sana, ule unaoyapa maji rangi ya kijani kibichi. Magugu yakiachwa, huunyima mwani huo mwanga na mbolea.

Kiasi cha mwani hupimwa kwa mkono. Mfugaji huzamisha mkono ulionyooka, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi: mbolea isimamishwe na maji safi yaongezwe. Kikipotea maji yanapofika karibu na kiwiko, kiasi kinatosha. Kikiwa bado kinaonekana maji yakishapita kiwiko, mwani ni mchache na mbolea inahitajika. Kipimo hiki hakifai maji yakiwa na tope la mvua.

Kina cha maji nacho husaidia. Magugu yenye mizizi chini huanzia pale ambapo mwanga unafika udongoni, kwa hiyo upande wa kina kifupi usipungue sentimita 60.

Kidimbwi cha mapambo kinaweza kuwa na mimea zaidi, lakini isifunike zaidi ya theluthi moja ya maji. Kwa kidimbwi cha mita mraba 30, hizo ni mita mraba 10. Yungiyungi la asili lenye maua ya samawati linafaa, kwani majani yake huwapa samaki kivuli wakati wa jua kali. Lipandwe ndani ya ndoo au karai lenye udongo ili mizizi isitambae kidimbwi kizima. Mafunjo pia yapandwe ndani ya chombo, kwenye kona moja. Yakiachwa huru, hujaza kidimbwi hatua kwa hatua.

Kingo ziwe safi

Ukoka na nyasi nyingine fupi zinazotambaa hushika udongo wa kingo usimomonyolewe na mvua. Nyasi hizo zikatwe mara kwa mara. Nyasi ndefu zinazoinamia maji huwapa kivuli viluwiluwi wa mbu, wakiwemo wanaogeuka kuwa mbu wa malaria, na huwakinga dhidi ya samaki ambao wangewala. Konokono wanaoeneza kichocho nao hupenda kukaa kwenye mimea iliyo majini.

Miti isipandwe juu ya kingo. Mizizi yake hupasua ukingo na maji huvuja, na majani yanayoanguka huoza na kumaliza oksijeni. Mikaratusi hunywa maji mengi, hivyo iwekwe mbali kabisa. Nepia na mboga zinaweza kupandwa upande wa nje, chini ya ukingo, ambako zitafaidi maji yenye rutuba kidimbwi kinapopunguzwa maji.

Gugumaji lisiletwe nyumbani

Maua ya zambarau ya gugumaji huwavutia wengi, lakini mmea huu uliotoka Amerika Kusini haufai boma lolote. Katika mazingira mazuri huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Tangu ulipoenea katika Ziwa Victoria miaka ya 1990, umezuia mashua kutoka ufuoni, umewanyima wavuvi mapato na kufunika sehemu za Ghuba ya Winam. Mbegu zake hukaa kwenye matope kwa miaka mingi zikisubiri kuota.

Mmea mmoja ulioletwa kwa ndoo unaweza kubebwa na mafuriko hadi mtoni, na kutoka hapo ukawa shida ya kijiji kizima. Tahadhari hiyo hiyo ihusu salvinia na ule mmea unaoelea wenye umbo la kabichi ndogo.

Namna ya kung'oa

Njia salama ni mikono na reki, sehemu moja kila mara. Anayeingia majini avae buti za mpira, na mtu mwingine awe karibu. Mimea isikatwe na kuachwa majini, kwa sababu inapooza humaliza oksijeni upesi kuliko ilipokuwa hai. Ndiyo maana dawa ya kuua magugu haifai kutumiwa bila ushauri: huua mimea yote kwa pamoja, na inaweza kuwadhuru samaki na wanaowala.

Magugu yaliyong'olewa yapelekwe mbali na maji, yaanikwe hadi yakauke kabisa, kisha yatiwe kwenye mboji. Yasitupwe mtoni wala mtaroni. Nyavu na ndoo zilizotumika zisafishwe na kukaushwa kabla ya kupelekwa kwenye kidimbwi kingine.

Wakazi wanashauriwa kuzungumza na afisa wa uvuvi au wa kilimo katika wadi yao kabla ya kupanda mmea wowote majini wasioufahamu. Anayeona gugumaji kwenye kidimbwi au kijito atoe taarifa mapema, wakati bado linaweza kung'olewa kwa mkono.