Kwa nini profesa aliyeshinda kesi hakurudishwa kazini?

Mwalimu wa chuo kikuu akisema jambo linalowaudhi watu wengi, je, chuo kina haki ya kumfukuza? Na kama kitamtafutia kosa jingine, na kosa hilo likapatikana kweli, haki iko wapi? Kesi ya Ward Churchill, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, inasaidia kulielewa suala hili.

Maneno yaliyozua hasira

Septemba 2001, mara baada ya mashambulizi yaliyoua karibu watu 3,000 nchini Marekani, Churchill aliandika makala akidai kwamba baadhi ya waliokufa katika majengo ya New York hawakuwa watu wasio na hatia. Aliwafananisha na Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa.

Makala hiyo haikuvuma sana hadi mapema mwaka 2005, alipoalikwa kuzungumza katika chuo kimoja jimboni New York. Familia za waliofiwa ziliumia, na gavana wa Colorado akamtaka ajiuzulu.

Chuo kilifanya nini?

Kwanza chuo kilichunguza maneno yenyewe. Kikakubali kwamba, hata yakichukiza, yanalindwa na Katiba ya Marekani. Chuo cha umma ni chombo cha serikali, na serikali hairuhusiwi kumwadhibu mtu kwa maoni yake.

Lakini wakati huohuo yalikuwapo malalamiko kuhusu utafiti wake. Kamati ya wasomi watano iliyachunguza, na mwaka 2006 ikamkuta na makosa, yakiwemo kunakili kazi za wengine na kubuni mambo. Kwa mfano, alipoandika juu ya ndui iliyowaua watu wa kabila la Mandan mwaka 1837, alilitupia lawama jeshi la Marekani, lakini vitabu alivyovitaja havikuthibitisha madai yake.

Kamati yenyewe ilikiri kwamba wakati wa uchunguzi huo unatia shaka. Ikatoa mfano wa dereva anayesimamishwa na trafiki aliyekasirishwa na maandishi yaliyobandikwa kwenye gari lake. Kama kweli alikuwa akiendesha kwa kasi, kosa lipo. Lakini kilichomfanya asimamishwe si kasi.

Kuhusu adhabu, wanakamati hawakuafikiana. Mmoja tu ndiye aliyeona kufukuzwa ndiyo adhabu inayofaa. Wengine walipendekeza asimamishwe kazi kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, Julai 2007 bodi ya chuo ilimfukuza kwa kura 8 dhidi ya 1.

Ushindi wa dola moja

Churchill alikwenda mahakamani. Aprili 2009, wazee wa baraza walisema alifukuzwa kwa sababu ya maneno yake. Fidia waliyompa ilikuwa dola 1.

Miezi michache baadaye jaji aliufuta uamuzi huo na kukataa kumrudisha kazini. Alisema bodi, ilipomhukumu profesa, ilifanya kazi kama mahakama, na kama ilivyo kwa jaji, haishtakiwi kwa hukumu yake. Mahakama Kuu ya Colorado iliunga mkono msimamo huo mwaka 2012, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa.

Sisi inatuhusu nini?

Aprili 1990, wanataaluma wa Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam. Jina lake linataja mambo mawili pamoja: uhuru wa kitaaluma, na wajibu wa wanataaluma kwa jamii.

Kesi ya Churchill inaonyesha kwa nini yote mawili yanahitajika. Mtafiti anayebuni mambo anaidanganya jamii, na lazima awajibishwe. Lakini uchunguzi ukianza kwa sababu mtu amewaudhi wakubwa, walimu wengine hujifunza kunyamaza. Na walimu wakinyamaza, mkulima atamsikia nani akimweleza ukweli kuhusu mbegu, dawa au ardhi yake, pale ukweli huo usipowapendeza wenye nguvu?