Chuma cha Ruiru na mkono wa sheria

Mnamo Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Ni mali ya serikali, na kazi yake ni kuvihudumia vikosi vya usalama. Katika Ruiru hiyo hiyo, kwenye wadi ya Gatongora, fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchonga chuma haruhusiwi kutengeneza hata kipande kimoja cha silaha ya aina hiyo. Kijana aliyezoea video za Marekani hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa kule mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu anaweza, katika majimbo mengi, kujiundia bunduki ya matumizi yake mwenyewe.

Kenya haina haki kama hiyo. Katiba ya 2010 haimpi raia haki ya kumiliki silaha; bunduki huruhusiwa kwa cheti tu, kinachotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Na cheti hicho hakimpi mtu ruhusa ya kuunda. Kutengeneza, kuuza au hata kukarabati silaha kibiashara ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa.

Jambo linalowaponza wengi ni maana ya neno “silaha” katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Maana hiyo haikomei kwenye bunduki nzima. Mtutu peke yake ni silaha, na kifaa cha kupunguza mlio pia. Kwa hiyo anayejitetea kwamba bunduki yake haijakamilika, au kwamba alikuwa na vipande tu, hana pa kushika. Kuigeuza bunduki bandia ifyatue risasi za kweli nako ni kosa.

Zipo bunduki ambazo kila ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja, kisha nyingine hujipakia yenyewe. Zile za kivita za kundi hilo, za kipenyo cha milimita 7.62 au 5.56, sheria imeziweka kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku. AK-47 na G3 zina kifungu chao: ukikutwa nayo bila kibali, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Msimamo huu ni wa kanda nzima, maana Itifaki ya Nairobi ya 2004 iliyataka mataifa yetu yawazuie raia kabisa kumiliki bunduki ndefu za kujipakia. Wanaofahamu jinsi silaha zilivyovuka mipaka kutoka Somalia na Sudan Kusini wanajua sababu, nami nauunga mkono msimamo huo kwa moyo wote.

Namwonea uchungu fundi, maana anaweza kuunda mtutu bila kujua. Mteja huja na mchoro, aseme ni bomba la pampu, na malipo ni mazuri. Fundi, uliza linakwenda kwenye mashine gani, na uione mashine yenyewe. Asipoweza kukuonyesha, usilikate bomba hilo. Akija na mtutu wa kurekebishwa, usiupokee. Mwelekeze kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Akiutelekeza kwako, piga ripoti kituo cha polisi siku hiyo hiyo.