Basi Lisilotoa Moshi na Afya ya Mapafu Yetu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na chakula cha watoto. Mwezi huu tunazungumza juu ya mabasi. Huenda mtu akauliza: basi linahusianaje na afya? Na asimame saa moja katika stendi yoyote ya mjini wakati wa jioni, madaladala yakinguruma mahali pamoja huku yakingoja kujaza abiria. Jibu atalipata katika koo lake mwenyewe.

Siku hizi yapo mabasi yasiyotoa moshi kabisa. Tueleze kwanza moshi unafanya nini mwilini, kisha mabasi hayo yanafanyaje kazi, na mwisho mambo ya kuangalia kabla ya kuyapokea.

Moshi wa dizeli una nini?

Dizeli ikiungua ndani ya injini haiungui yote. Kinachobaki hutoka katika bomba la moshi kikiwa masizi na hewa za sumu. Masizi meusi tunayoyaona ukutani siyo yanayotudhuru zaidi. Hatari kubwa ni chembe ndogo tusizoziona, ambazo unene wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, nasi hulitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembe hizi hazinaswi kwa urahisi. Hushuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, na zile ndogo zaidi huingia katika damu.

Kwa sababu hiyo madhara yake hayaishii kifuani. Mtu anayezivuta mwaka baada ya mwaka yumo katika hatari ya kuzidiwa na pumu, kupata ugonjwa wa kudumu wa mapafu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Mwezi wa Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli unasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Uliwekwa katika kundi moja na moshi wa sigara. Hiyo haina maana kwamba hatari zake zinalingana. Maana yake ni kwamba ushahidi umethibitika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachoshauriwa. Zamani wastani wa mwaka ulikuwa mikrogramu 10 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Sasa ni 5.

Nani anaumia zaidi?

Abiria huvuta moshi wakati wa safari, kisha huenda zake. Lakini wapo wanaouvuta kutwa nzima: kondakta, dereva, mpiga debe, trafiki, mama lishe mwenye jiko lake pembeni mwa stendi, na kijana auzaye maji na karanga madirishani. Hao ndio wasiokuwa na nafasi ya kuchagua hewa nyingine, kwa kuwa riziki yao iko pale pale.

Mtoto naye huumia kuliko mtu mzima. Hupumua haraka zaidi, mapafu yake bado yanakua, na kwa kimo chake pua yake iko karibu na bomba la moshi. Mama mjamzito pia ajihadhari, kwani hewa chafu imeonekana kuhusiana na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Basi la umeme linafanyaje kazi?

Basi hili halina tanki la mafuta wala bomba la moshi. Lina betri kubwa, ambazo mara nyingi hufungwa juu ya paa, chini ya sakafu au nyuma, nazo huendesha mota inayozungusha magurudumu. Dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kiasi katika betri. Usiku basi huchajiwa katika yadi. Yapo pia mabasi yanayotumia hewa ya hidrojeni kutengeneza umeme humo humo ndani ya gari. Hayo hutoa mvuke wa maji tu.

Jambo hili si ndoto. Mji wa Shenzhen, kusini mwa China, wenye watu zaidi ya milioni 12, ulikuwa na mabasi zaidi ya 16,000. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 yote yalikuwa ya umeme. Halikufanyika kwa siku moja wala bila gharama: serikali ililipa sehemu ya bei ya mabasi, na vituo vya kuchajia vilijengwa.

Afrika nako kazi imeanza. Nairobi ilianza kujaribu mabasi madogo ya betri yenye viti 25 mwaka 2022, na baadaye Kigali ikafuata. Mjini Dakar, Senegal, mwaka 2024 ilifunguliwa njia maalumu ya mabasi ya umeme matupu, yenye urefu wa kilometa 18. Kwetu Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kwa dizeli. Hata hivyo, yana njia yao wenyewe na yadi yao, na hayo ni mambo mawili ambayo basi la umeme huyahitaji sana.

Maswali ya kujiuliza

1. Umeme unatoka wapi? Kama unatokana na makaa ya mawe, moshi umehamishwa tu kutoka stendi kwenda kwa jirani wa mtambo. Kenya hupata umeme wake mwingi kutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Sisi tunalo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, pamoja na gesi asilia.

2. Nani atalipa? Basi la umeme ni ghali kulinunua kuliko la dizeli, ingawa gharama za kuliendesha na kulitengeneza ni ndogo zaidi. Nairobi wamejaribu njia hii: mwenye basi hanunui betri, bali hulipia kila kilometa anayotembea, na malipo hayo yanahesabu betri pamoja na kuchaji. Nauli isipandishwe mpaka maskini akabaki barabarani.

3. Betri imetengenezwa kwa nini? Baadhi ya betri huhitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi. Huko wapo wachimbaji wadogo, hata watoto, wanaovuta vumbi la migodi. Haifai kuponya kifua cha mtu wa Dar es Salaam kwa kuumiza kifua cha mtoto wa Kolwezi. Zipo betri zisizo na kobalti, nazo hutumika katika mabasi mengi. Anayeagiza aulize, aulize pia nani atazichukua zikichakaa, zisije zikatupwa jalalani.

4. Je, hewa itakuwa safi kabisa? Hapana. Vumbi la barabara na la matairi litabaki, na malori na magari madogo yataendelea kutoa moshi wao. Lakini stendi ni mahali ambapo mabasi ndiyo mengi, kwa hiyo nafuu itaonekana hapo kwanza.

5. Tutalisikia? Basi la umeme likienda polepole halina kishindo. Ni nafuu kwa masikio, lakini ni hatari kwa vipofu na watoto. Nchi za Ulaya zimeagiza magari mapya ya umeme yatoe mlio yakiwa katika mwendo mdogo.

Wakati tunasubiri

Dereva azime injini anapongoja abiria. Mwenye gari asafishe nozeli na kubadilisha chujio la hewa kwa wakati. Mama lishe aombe nafasi upande ambao upepo hautoki kwenye magari. Mzazi asisimame na mtoto nyuma ya basi. Tusidanganyike na leso: huzuia vumbi, haizuii zile chembe ndogo. Mwenye pumu asisafiri bila dawa yake ya kuvuta. Na anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asiseme "ni moshi tu". Aende zahanati akapimwe kifua kikuu.

Halmashauri zinapopanga stendi mpya na njia mpya za mabasi, wananchi huitwa mikutanoni. Kwa kawaida huko huulizwa habari za nauli na vibanda. Tuulize pia habari za moshi, na tumwite mama lishe na kondakta waseme wenyewe, kwa sababu wao wanajua wanachokivuta tangu alfajiri hadi usiku.